Bibi Alivyomzidi Umri Baba Krismasi

Nilipokuwa na miaka saba nilitaka kitu kimoja tu duniani: viatu vya taa, vile ambavyo ukikanyaga kisigino kinawaka nyekundu. Mama alishatoa hukumu. Krismasi ningekwenda kanisani na viatu vya shule, vikipigwa kiwi vitakuwa kama vipya. Viatu vyenyewe vilikuwa vimeshafungua mdomo kwa mbele, na sijawahi kuona kiwi ikifunga mdomo.

Tumaini langu likabaki kwa Baba Krismasi wa duka kubwa la pale Mbeya mjini. Alikaa karibu na friji za soda, amevaa joho jekundu, ndevu za pamba, na mabuti ya mvua, maana mvua ya Desemba kwetu haina masihara. Aliyenipeleka ni bibi, ambaye alikuwa amekuja kutoka Ubaruku na kiroba cha mchele kwa ajili ya pilau ya sikukuu. Njia nzima nilikariri ombi langu, pamoja na namba ya mguu.

Zamu yetu ilipofika, bibi akaona ndevu nyeupe. Alikuwa mtu wa adabu zake. Akakunja goti kidogo, akasema, "Shikamoo, mzee."

Baba Krismasi akaruka kwenye kiti kama aliyekalia siafu.

"Hapana, bibi, usinitafutie laana! Shikamoo!"

"Marahaba," akasema bibi, amepigwa na butwaa.

Foleni nzima ikavunjika mbavu. Mwenye akili timamu angesikia kwamba ile ni sauti ya kijana wa miaka ishirini. Mimi sikusikia hilo. Nilichojua ni kile anachokijua kila mtoto wa kwetu kabla hajajua kusoma: mdogo ndiye anayemwamkia mkubwa. Kwa hiyo bibi yangu alikuwa mkubwa kuliko Baba Krismasi. Na mkubwa hamwombi mdogo, anamtuma.

"Bibi," nikasema, duka zima likasikia, "basi mtume akaniletee viatu vya taa! Namba ishirini na tisa!"

Bibi akanitazama. Akamtazama Baba Krismasi, ambaye ndevu zake zilikuwa zimehamia sikioni.

"Umesikia, mwanangu?" akamwambia. "Namba ishirini na tisa."

"Nimesikia, bibi."

Kesho yake bibi aliondoka tukiwa bado tumelala. Mama akasema amefuata vitunguu vya pilau sokoni Mwanjelwa. Alirudi jioni amelowa chapachapa, bila kitunguu hata kimoja.

Asubuhi ya Krismasi viatu vya taa vilikuwa kando ya kitanda changu. Kanisani nilikanyaga sakafu kwa nguvu mpaka mchungaji akanyamaza kunisubiri nimalize. Kila mtoto aliyeniuliza nilimjibu kwa maringo kwamba bibi yangu alimtuma Baba Krismasi, naye akatumika.

Mchana tukala ugali kwa kuku. Nikaenda kuchungulia nyuma ya mlango wa jiko, mahali palipokuwa na kiroba. Patupu.

"Mchele wameula panya," akasema bibi, akininyofolea paja. Mama akainamia sahani yake.

Niliwachukia panya miaka mingi. Bibi alikuwa ameshazikwa kule Ubaruku siku ile nilipokuwa naosha mchele jikoni kwangu, Iringa. Nikasimama ghafla, mikono imo majini, nikaanza kucheka, halafu nikalia. Panya gani anakula mchele na kiroba chake?