Kila Dakika Mbili, Mahali Papya

Shangazi yangu ni fundi wa maabara. Anapiga eksirei utando mwembamba wa plastiki inayopitisha umeme, ili wataalamu waone elektroni zimekaaje ndani yake. Balaa lake ni kwamba mionzi ileile inayoonyesha ndiyo inayounguza, kwa hiyo kila baada ya dakika mbili anasogeza sampuli, mionzi ipige mahali papya.

Leo mtafiti mmoja mgeni, mwenye shahada kibao, alimkatalia. "Tuache hapohapo, tuone vizuri zaidi." Baada ya nusu saa mchoro wa vipimo kwenye kompyuta ukaota kilele kipya, naye akaruka kwa furaha, eti amegundua kitu.

"Umegundua nini, mwanangu?" shangazi akafoka. "Umeiunguza! Hicho unachokiona ni kidonda ulichokitia mwenyewe."

Jioni nilifika kwake, macho yamenivimba kwa kulia. Nyumbani walikuwa wamenikodolea macho siku nzima, maswali chungu nzima, nami nikawa bubu. Shangazi alinitazama mara moja tu, kisha akageukia beseni lake akaanza kumenya viazi.

Kabla hajamaliza cha tatu, nilikuwa nimeshamwambia yote.