Mbavu Mbili za Namba Arobaini na Saba

Kazini walimwita Rula, na jina lilimkaa sawasawa. Mwanamke yule hakuweza kukata hata keki ya watoto bila kuipima, mpaka mumewe akamuuliza kama anataka na muhuri juu yake. Wacha wacheke. Kupima ndiko kulikompa ugali... na keki yenyewe pia.

Hospitali kadhaa zilikuwa zikijaribu dawa mpya kwa watu ambao saratani yao imesambaa hadi kwenye ini. Mrija mwembamba ulipitishwa ndani ya mshipa wa damu, dawa ikamwagwa palepale inapotakiwa. Kila baada ya wiki nane mgonjwa alipigwa picha, nayo ikafika kwenye kompyuta ya Rula ikiwa na namba tu, jina hakuna. Yeye akapima uvimbe, milimita kwa milimita. Chumba cha pili mzee mmoja alipima picha hizohizo, na kuambiana ilikuwa marufuku kabisa. Mzee huyo walimwita Bwana Bado, maana ukimuuliza kama mgonjwa ana nafuu, jibu lake ni hilohilo.

Asubuhi moja Rula alifungua namba arobaini na saba, faili aliloachiwa na mwenzake aliyekwenda likizo. Uvimbe uliokuwa na milimita arobaini na mbili sasa ulikuwa na ishirini na moja. Akapima tena. Ishirini na moja! Moyo ulimruka kwa furaha ya mtu asiyemjua. Ndipo macho yakateleza pembeni, yakatua kwenye mbavu.

Mbavu mbili za kulia zilikuwa zimeunga kombo, mmoja umepanda juu ya mwenzake. Mungu wangu! Mbavu zile alizijua. Alipokuwa na miaka saba, shangazi yake alikuwa akimpeleka shule kwa baiskeli, breki zikakatika mteremkoni. Shangazi alimkumbatia mtoto, akaanguka yeye chini. Rula hakupata hata mchubuko. Shangazi alikataa kwenda hospitali, na tangu hapo hajaweza kulalia upande wa kulia. Rula alipoanza kazi, yeye mwenyewe ndiye aliyempiga picha ya kifua, akazicheka hizo mbavu.

Sasa shangazi alikuwa anaumwa saratani hiyohiyo, na madaktari wake walikuwa wamesema wazi: uvimbe ukishuka chini ya ishirini na tano, watampasua wautoe wote. Usiposhuka, hawana tena la kufanya.

Sheria ilikuwa fupi: ukimjua mgonjwa, unajitoa. Nani angejua kama angenyamaza? Lakini Rula alianza kujishuku. Je, kama macho yake yaliziona mbavu kabla ya yeye kujua, yakaupunguza uvimbe kwa mapenzi? Akaenda kwa mkuu wa kitengo, akasema ukweli wote. Mkuu akafuta ile ishirini na moja mbele yake.

"Basi kitasimama kipimo cha Bwana Bado," alisema mkuu. "Na wewe hutaambiwa."

Bwana Bado! Kati ya watu wote! Rula alikaa kwenye korido na kikombe cha chai hadi kikapoa. Saa nzima mzee alikuwa chumbani kwake akipima. Alipotoka, alipita na karatasi yake iliyokunjwa, uso mkavu vilevile, akaenda zake kwa mkuu.

Siku mbili Rula alipika chakula kisicho na chumvi, na mumewe akajitilia chumvi mwenyewe. Siku ya tatu simu ikalia.

"Wewe mtoto!" Shangazi alipiga kelele hadi Rula akaisogeza simu mbali na sikio. "Wananipasua! Kumi na tisa! Daktari anasema umepimwa na mzee mmoja mgumu ajabu, hajawahi kumpendelea mtu!"

Kumi na tisa. Ndogo kuliko yake! Rula alikaa sakafuni palepale jikoni, machozi yakimtiririka, akicheka kama mwehu.

"Mbona hujibu? Hufurahi?"

"Nafurahi, shangazi. Nafurahi mpaka basi." Akajifuta pua. "Hivi, zile mbavu zako za baiskeli bado zinakuuma?"

"Hizo?" Shangazi alishangaa kweli. "Hizo hazijawahi kuniuma hata siku moja."

"Mwongo mkubwa wewe!" alisema Rula, na wote wawili wakacheka hadi salio la simu likaisha.