Bondia wa Jina Letu

Siku ile bondia Lokwasende alipofika Kisangani naikumbuka vizuri kuliko siku ya ndoa yangu, mwanangu, na mama yako asisikie. Shule niliishia darasa la sita, naandika polepole. Nawe soma polepole.

Nilikuwa kijana wa miaka kumi na minane, mwenye haya. Nilikuwa naendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria, na kituo chetu kilikuwa karibu na soko. Kila abiria alipokuja, wenzangu walinisukuma. Mkubwa wao, Dido, alikuwa akisema, "We mutoto, rudi nyuma kule." Nami nilirudi.

Basi siku moja nikachoka. Picha ya yule bondia ilikuwa imebandikwa kwenye kila kibanda cha kinyozi, na jina lake ndilo jina letu, ambalo katika mji mzima sikuwahi kulisikia nje ya nyumba yetu. Nikamwambia Dido, "Ule ni tonton yangu, ndugu ya baba." Akataka kuona kadi yangu ya shule ya zamani. Akaisoma mara mbili, kisha akapaza sauti: "Mupishe njia! Mutoto ya Lokwasende apite!"

Miaka miwili nilipita mbele kwa uongo ule. Sikuwa na haja ya kufungua kinywa.

Ndipo bondia mwenyewe akaja kusalimia watu wa soko. Alikuwa amekwisha kustaafu, mvi zimeanza. Nikajificha nyuma ya magunia ya mihogo, lakini Dido akanivuta kwa shati. "Papa Lokwasende! Mutoto yako iko hapa, anakuonea haya!"

Watu wakatuzunguka. Nikajua neno lake moja tu litanimaliza mbele ya kituo kizima.

Akaniangalia. "Na wewe ni Lokwasende?"

"Ndiyo, papa."

"Jina hilo lilitoka kwa nani?"

Mwanangu, mapigano yake yote niliyajua, na raundi alizowaangusha watu. Lakini jina letu wenyewe? Nilijua tu kwamba marehemu babu aliitwa hivyo. Zaidi ya hapo sikuwahi kuuliza. Nikasema, "Sijui, papa."

"Hata mimi sijui," akasema kwa sauti ya chini. "Baba alinipeleka Kinshasa ningali mtoto mchanga, akafa mapema. Sijakutana na mtu mwingine wa jina hili. Kwenu kuna mzee?"

"Koko iko, mama ya baba. Iko Lubunga, ng'ambo ya mto."

"Bon. Twende."

Akapanda nyuma ya toleka yangu, na tairi likalala chini kama chapati. Njiani kuelekea mtoni, kwa sababu sikuuona uso wake, nikapata nguvu. "Papa, nilidanganya watu. Nilisema wewe ni tonton yangu."

Akauliza: "Na walikuogopa?"

"Sana."

Akacheka mpaka baiskeli ikayumba. Kisha akasema, "Tukirudi, utawaambia mwenyewe. Mimi sitakusaidia."

Tukavuka kwa pirogi, mtumbwi wa abiria. Koko alikuwa anatwanga pondu, majani ya mihogo. Mabondia hakuwajua, kwa hiyo akamuuliza kama anavyomuuliza mgeni yeyote: "We ni mutoto ya nani?"

"Ya Boyele, mama."

Mchi ukasimama. "Boyele, ule kijana ya reli, wa Yanonge?"

Akatueleza. Boyele alifanya kazi ya reli pamoja na babu. Akaugua sana, naye Koko akamuuguza nyumbani kwake mpaka akasimama. Alipopata mtoto wa kiume, akampa jina la babu kwa shukrani. Unajua kwetu ndoyi, mtu uliyepewa jina lake, ni kama wewe mwenyewe. Ndiyo maana Koko alijifuta mikono, akamzunguka yule mtu mkubwa, akasema:

"Kumbe bwana yangu umerudi! Muda wote huo ulikuwa wapi? Na umenenepa hivi, nani alikuwa anakupikia?"

Bondia ambaye hakuna aliyemwangusha alikaa chini kwenye mkeka, akafunika uso kwa mikono yake, akalia huku akicheka. Mimi Koko akanigeuzia kidole: "Na wewe, musalimie koko yako, babu yako huyu, vizuri!"

Tuliporudi kituoni nikawaambia wote: si tonton yangu, nilidanganya. Walinicheka wiki nyingi, na Dido akanirudisha nyuma. Lakini asubuhi moja aliponisukuma, nikasema, "Hapana, Dido. Zamu ni yangu." Nikaweka baiskeli yangu mbele. Akanitazama, akavuta baiskeli yake kando.

Kwa hiyo, mwanangu, usilitembeze jina kabla hujamuuliza anayejua lilikotoka. Nenda ukae naye leo, hata kama anatwanga, umsaidie kutwanga. Na kama umedanganya, kasahihishe wewe mwenyewe mbele ya walewale uliowadanganya. Utachekwa. Kicheko kinaisha, na mahali pako utasimama bila kujificha nyuma ya mtu.

Mungu akupe nyumba za kukupokea kila ng'ambo utakayovuka. Na ukiulizwa wewe ni mtoto wa nani, akupe sauti ya kujibu.