Kijana Aliyejitambulisha Mwenyewe Langoni

Leo nusura mpwa wangu akose mke kwa kitenzi kimoja cha Kiingereza.

Tulikwenda Rubona, nyumbani kwa binti, kumposea. Kwa desturi yetu, mposaji hutulia kama maji ya mtungi. Msemaji ni mimi, mjomba wake.

Lakini mpwa wangu huyo, Eriki, amekulia Uganda. Tulipofika tu langoni, akapaza sauti: "Let me introduce myself!"

Akaanza: jina, kazi, hata timu anayoishangilia.



Baba mkubwa wa binti, mtu wa Goma, akasema: "Eh! Bwana arusi iko anajisemea? Bon, we muzee walikuleta ya nini? Murudi, mufundishe mutoto yenu kunyamaza!"

Lango likabaki limefungwa. Eriki akatokwa jasho. Dirishani, binti alikuwa ameshika kichwa.

Basi nikafanya kazi niliyoizoea darasani: nikaeleza.

"Mzee mwenzangu, hilo 'introduce' limetoka Kilatini. Siku hizi ni kumjulisha mtu kwa watu, lakini maana yake ya kwanza ni kumwongoza mtu aingie ndani. Kijana hajui desturi, ila ombi lake ni hilo tu. Na hakuna wa kumwingiza hapa isipokuwa wewe."

(Si uongo, marafiki. Angalieni kamusi.)



"Mwalimu, we iko muongo muzuri sana!" Mzee akacheka, akafungua lango. "Muingie. Lakini huyu asiseme tena mpaka arusi!"

Tumekubaliwa! Eriki ametii: hata soda aliiomba kwa kidole.

Haya, kwenu nani aliharibu siku ya posa?