Kemuma Hasafiri Ndani ya Gunia

Mjini Sotik wanamwita Mama Nyabuto, kwa jina la kifungua mimba wake. Kiwandani walikuwa wakimwita kwa namba. Jina lake mwenyewe, Kemuma, lilikuwa karibu kufa kwa kukosa kazi, mpaka alipoanza kuliandika kwenye pakiti za chai.

Alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha majani chai tangu alipotoka kwao Kisii akiwa msichana. Kisha zikaletwa mashine mpya, na akina mama wa kitengo chake wakaambiwa asanteni sana, kwaherini. Wenzake walilia. Yeye alienda sokoni akanunua mashine kuukuu ya kusagia nyama, akaisugua mpaka ikasahau nyama, akaanza kusaga majani mabichi ya majirani wenye mashamba madogo. Hasira ilimfaa kuliko machozi, na mimi simlaumu. Baada ya muda banda la nyuma ya nyumba yake lilikuwa na wanawake wanne, wote waliofukuzwa naye, na chai yao ikawa inanyweka Sotik nzima.

Hapo ndipo Clifford alipotokea na pikapu yake. Clifford ni wakala. Bidhaa nyingi za akina mama wa pale zinazouzwa Tanzania hupitia kwake, tena kwenye magunia yasiyo na jina, na huko mbele hakuna ajuaye zimetoka kwa nani.

"Mama Nyabuto, wachana na hizo pakiti," akamwambia. "Nipe chai kwa gunia. Mimi najua watu wa border."

"Miaka yote kiwandani majani yangu yalichanganywa na ya kila mtu," Kemuma akamjibu. "Sasa unataka nirudi kwa gunia? Hapana. Hii chai itavuka na jina yake."

Akatafuta vyeti vya kuuza chai nje, akapanga foleni kama wafanyabiashara wengine, akavuka mpaka wa Isebania kwa mlango wa mbele hadi Sirari. Alikuwa ameelekezwa kwa Mama Bhoke, mwenye duka kubwa la jumla upande wa Tanzania. Mama Bhoke akachemsha maji, akatia majani na sukari, akanywa. Uso ukamkunjamana.

"Dada, hii ni chai au dawa ya minyoo?"

Kemuma akaonja. Ilikuwa chungu kweli, tena ya kukwaruza ulimi. Akaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kosa lake lilikuwa la watu wa mji aliohamia: Sotik ni nchi ya maziwa, na chai pale hupimwa ikiwa imechemshwa na maziwa mengi. Kumpa mgeni turungi, chai isiyo na maziwa, ni kumwambia arudi alikotoka. Katika majaribio yake yote, hakuwa ameionja chai yake hata mara moja bila maziwa. Na huku Sirari, wateja wa Mama Bhoke walikuwa wanakunywa chai ya rangi asubuhi na jioni.

Akarudi na mzigo wake wote. Sotik ikacheka, maana Sotik haina siri. Clifford akaja tena, safari hii akitabasamu, akasema gunia bado lipo, ataichanganya chai hiyo na ya wengine na uchungu hautajulikana. Rodah, Mkipsigis aliyekuwa mkono wa kulia wa Kemuma bandani, akamsihi akubali. Kemuma akamfukuza Clifford uani, kisha akaingia ndani akalia kwa mara ya kwanza.

Kulipokucha akaifungia stoo ile mashine ya nyama, iliyokuwa ikiyaponda majani mpaka yakatoa uchungu. Akaagiza machipukizi machanga tu, akayaacha yanyauke vizuri, akawafundisha wenzake kuyakunja polepole kwa viganja bila kuyaponda. Kila fungu alilolikausha alilionja kwa turungi tupu.

"Mama Nyaputo, utakunywa turunki mpaka lini?" Rodah akalalamika kwa lafudhi ya kwao. "Watu wanasema ng'ompe yako imekufa."

"Waambie imekufa na tumeila."

Aliporudi Sirari, Mama Bhoke alikunywa kikombe kizima, akajiongezea cha pili.

"Hii sasa ni chai," akasema. "Naichukua yote. Ila hilo jina libandue, mama. Niletee kwenye mifuko myeupe, nitaweka jina la duka langu."

Kemuma alimtazama. Akawakumbuka wenzake waliokuwa wakingoja habari kule bandani. Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Lakini hili lilikuwa gunia lilelile la Clifford, limefuliwa tu.

"Jina haitoki," akasema, akabeba mzigo wake akatoka.

Hakwenda mbali. Ng'ambo ya barabara, mkabala na duka, palikuwa na mama ntilie. Kemuma akamwomba birika la maji ya moto, akafungua pakiti moja, akaanza kuwamiminia wapita njia chai ya bure. Dereva wa lori akanywa, akasimama, akaigeuza pakiti mkononi na kuisoma.

"Hii chai inauzwa duka gani, mama?"

"Hapo kwa Mama Bhoke," Kemuma akajibu bila kupepesa macho. "Nenda uulize. Itaje kwa jina."

Akaenda. Akafuatwa na mwalimu, kisha akina mama wauza dagaa, kisha vijana wa bodaboda, na kila mmoja Kemuma alimwelekeza kulekule. Jua lilipokuwa utosini, Mama Bhoke alitoka mlangoni, akavuka barabara akiwa ameshika kiuno.

"Wewe mama, umenijazia watu dukani!"

"Wanataka nini?"

Mama Bhoke akasonya, akautazama mzigo, akamtazama mwenye mzigo.

"Wanamtaka Kemuma," akasema.

"Basi nipangie rafu ya mbele," akasema Kemuma, akajitwika chai yake.