Kidole cha Kati cha Marcella

Vidole vya Marcella Gillis havikujua kutulia. Akiendesha basi la shule vinatwanga usukani. Kanisani vinacheza juu ya goti mpaka mumewe anavifinya. Watoto wa viti vya nyuma walimwigiza, wakipiga piano hewani, naye aliwaona kwenye kioo akacheka.

Jumapili ile vilikuwa na sababu. Kwa mara ya kwanza, kwenye dansi ya ukumbini, angempigia piano Archie Neil, mzee wa fidla ambaye hakuna ukumbi kisiwani Cape Breton, Kanada, usiomjua, na ambaye wapiga piano hawadumu naye.

"Ukiharibu leo anamchukua yule kijana mpiga piano wa Inverness," binamu yake Joanie alimwambia, akifunga kamba za viatu vya dansi. "Nawe unarudi kuosha vikombe vya chai."

"Angalia miguu yako, binamu. Mwaka jana ulimkanyaga padri."

"Padri alijiweka mwenyewe chini ya kiatu!"

Archie Neil aliketi, hakusalimu mtu, akaanza. Kwetu fidla haitangazi wimbo. Mwenye piano anaudandia ukiwa mbioni. Marcella akaudandia. Na kwa kuwa alitaka apendwe, akaujaza kodi nono, kila moja sauti tatu zilizobonyezwa pamoja, huku mkono wa kushoto ukipanda na kushuka.

Lakini wimbo ulikuwa wa kale. Noti yake moja Archie Neil hakuiweka juu wala chini. Aliiachia katikati, kidole kikiteleza. Ndani ya kodi za Marcella noti hiyohiyo, sauti ya kati, ilikuwa imepandishwa kamili, inang'aa kama jino la dhahabu. Zikasuguana. Shingo ya mzee ikawa nyekundu, akakandamiza upinde kama mtu aliyeshikwa koti kwa nyuma. Wachezaji wakasita.

"Unamzuia mzee!" Joanie alifoka alipopita karibu na piano.

Namzuia wapi? Mbona napiga sawa? Akatega sikio, mara akaisikia: noti ambayo fidla inaikataa, na kinachoibonyeza ni kidole chake cha kati.

Akakiinua.

Zikabaki sauti mbili, ya chini na ya juu, katikati tundu. Ilimuuma, kama kumwandalia mgeni viazi vitupu. Kidole kilibaki hewani kikitaka kurudi. Ila fidla ikaingia tunduni, ikajinyoosha na noti yake isiyo huku wala kule, na sakafu ikaanza kunguruma kwa viatu.

Wimbo ulipokwisha Marcella alikuwa bado anahema. "Mzee, niendelee?"

"Nani kakwambia usimame?" Archie Neil hakugeuka. Unyayo wake ulishaanza kupiga sakafu, na upinde ukarukia wimbo ambao Marcella hakuwahi kuusikia.

"Mzee, huu ni upi?"

Fidla ilishatangulia. Marcella akakikunja kidole cha kati, akaufuata.