Misuko Mitatu ya Bi Sundus

Mtu asiniambie uoga ni ujinga. Mimi Umulkheir nimeosha maiti za wanawake wa Kiislamu hapa Nateete mpaka mikono yangu inanukia kafuri hata nikimenya matoke, na bado nasema mwenye uoga asichekwe.

Bi Sundus hakukubaliana nami. Ndiye aliyenifundisha kazi hii, mama wa maneno machache na amri nyingi, na hamu yake ilikuwa moja: siku yake ikifika, asukwe na binti yake Nusura. Kwetu mwanamke akishaoshwa, nywele husukwa misuko mitatu ikalazwa nyuma, ndipo avishwe sanda. Na Nusura ni msusi. Kutwa yuko saluni karibu na steji ya teksi, vidole vinakimbia, mdomo unasengenya. Ila maiti, hapana. Akisikia kuna msiba mtaani anapita njia nyingine. Alipokuwa mdogo alichungulia pazia bibi yake akioshwa, akaona mkono wa marehemu unaanguka kando ya kitanda. Hakuusahau mkono ule.

Basi mama mtu akabuni dawa yake. Kila Ijumaa baada ya alasiri alijilaza chali kwenye mkeka, akafumba macho, akajikausha, akamwambia binti yake kwamba yeye sasa amekufa, amsuke. Bannange, jamani, nilicheka! Mara ya kwanza Nusura alikimbilia uani kutapika. Baadaye akaweza msuko mmoja, huku analia. Mwishowe akawa anasuka yote mitatu na umbea juu, naye maiti anajizuia kucheka mpaka tumbo linatikisika. Nikamwambia Bi Sundus huo ni mchezo tu. Akanijibu mtoto amepona, niache wivu. Wivu nilikuwa nao kweli, maana mimi sina binti.

Mwezi uliopita presha ikamwangusha. Alifia hospitalini saa za magharibi, wakamweka kwenye friji, na asubuhi mwanawe Maftah akamleta nyumbani. Tukamwosha. Nusura mwenyewe alishika jagi akamwaga maji, ameuma ncha ya khanga, mkono umetulia kabisa. Nikasema moyoni, Bi Sundus, umenishinda. Nikampisha, akae upande wa kichwani.

Akaingiza vidole kwenye nywele. Akavitoa. Akaviingiza tena mpaka vikagusa ngozi, akaganda hapo.

"Shangazi," akaniambia taratibu, "ni baridi."

Nikamwambia ajikaze, wanaume wanangoja nje, adhuhuri inakaribia.

"Nilidhani naogopa maiti. Kumbe zile Ijumaa zote nilikuwa namsuka mama. Mama alikuwa na joto."

Walikuwa wameyazoea yote, kulala chali, kufumba macho, kunyamaza. Baridi mama hakumfundisha, na angemfundishaje akiwa hai? Nusura alijaribu msuko mmoja. Ukamfumuka mikononi, yeye ambaye husuka huku anatazama televisheni. Akainuka, akatoka nje ya pazia bila kukimbia, wala hakulia. Nikasuka mimi. Mikono yangu ni mizito, na nikisuka nabana.

Wanawake wakaanza kunong'ona kwamba amemtupa mama yake. Nilitamani kuwamwagia ndoo ya maji.

Jioni, kina Maftah wamesharudi kutoka makaburini, Nusura alinifuata jikoni. Akaniuliza kama nilibana, kwa sababu mama akibanwa kichwa kinamuuma. Nikamwambia sikubana. Akanishukuru, nami nikageukia masufuria nisimwonyeshe uso.

Saluni hajarudi. Alijaribu mara moja, akaweka kiganja kichwani kwa mteja, akabaki hivyo hivyo akitafuta joto, mpaka mteja akaondoka kwa hofu. Roho iliniuma. Nikaona Ijumaa niende kwao mwenyewe. Nikatandika ule ule mkeka, nikajilaza chali na mifupa yangu hii, nikafumba macho, nikamwambia anisuke tuanze upya. Nilikuwa nawaza na siku yangu pia, sitaficha.

Nikamsikia akipiga magoti. Kiganja chake kikatua kwenye paji la uso wangu, kikakaa.

"Inuka, Shangazi," akasema. "Na wewe utakuwa baridi."